Umeiona, au Umeambiwa?



Leo nataka tuzungumze habari ambayo huenda ukaiona haimstahiki mtu wa chuoni kuishikia kalamu, nayo ni habari ya watu kusimuliana na kuhukumu picha za senema. Sikusudii kutafuta kama senema yafaa au haifai. Hilo limeandikwa sana, wanavyuoni wamekhitalifiana, na kila nyumba ina msimamo wake. Ninalolitaka mimi ni ulimi. Picha hutazamwa saa mbili ikesha, lakini maneno juu yake hayeshi. Hukaa barazani, hupita jikoni, huingia msikitini, na mara nyingine humharibia heshima mtu ambaye hakufanya lolote.

Wazee waliokuwa wakienda Naaz na Regal za Mombasa, Majestic na Empire za Unguja, au Avalon na Empress za Dar es Salaam, wanakumbuka mambo yalivyokuwa. Tikiti ilikuwa na bei yake, wala si kila mtu aliweza kutoka usiku, ijapokuwa Unguja palikuwa na maonyesho ya wanawake watupu. Basi akenda mmoja, na kumi wakamngoja. Akirudi hupewa nafasi katikati ya baraza, akatiliwa kahawa, akaanza: steringi aliingia hivi, adui akamjia kwa huku. Picha ya Kihindi iitwayo Mother India, iliyotoka mwaka 1957, wako watu waliililia machozi na hali hawakuiona hata mara moja. Waliisikia kwa mdomo wa jirani tu. Msimulizi wa namna hiyo alikuwa na hofu moja iliyomnyoosha: kesho yake mwengine angekwenda, na akirudi angeweza kumsuta mbele za watu kwamba alitia chumvi.

Leo picha imo mfukoni mwa kila mtu. Ungedhani basi ushahidi utakuwa mwingi na uvumi utapungua, kwani kila mwenye simu aweza kujionea. Mambo yamekuwa kinyume. Watu wanashuhudia wasiyoyaona kuliko zamani. Mtu huona kipande cha dakika moja kilichokatwa na mfanya biashara ili kumvutia mnunuzi, akatoa hukumu ya picha nzima. Mwengine hakuona hata hicho kipande, kaletewa maneno na mtu aliyeletewa na mtu, naye huyasema kwa sauti ya mwenye kushuhudia: "Bwana, ile picha chafu kweli!" Ukimwuliza aliiona wapi, hukasirika, kana kwamba umemtukana.

Sisi tuliosomea chuoni tunajua kwamba umma huu una elimu ya isnadi, ambayo ni fahari yetu. Hadithi haikupokewa kwa sababu maneno yake ni matamu. Mwenye kuisimulia aliulizwa: umeipata kwa nani? Ulikutana naye? Imam Bukhari hakutosheka kwamba watu wawili waliishi zama moja. Alitaka ithibiti kuwa walikutana. Na yule aliyekuwa akificha kwamba hakusikia mwenyewe, akateua neno la kumfanya msikilizaji adhani kuwa amesikia, wanavyuoni walimpa jina lake, mudallis, wakalitia vitabuni ili watu wajihadhari naye. Sisemi habari ya senema ni sawa na hadithi ya Mtume (s.a.w.), hasha. Nasema hivi: watu waliorithi elimu kama hiyo wanaona haya gani kuuliza "uliiona?" pale heshima ya mtu inapotiwa sokoni? Katika Suratul Israa tumekatazwa kufuata tusilokuwa na ujuzi nalo, na tumeambiwa kuwa masikio na macho na moyo vyote vitaulizwa. Sikuona mahali palipoandikwa kwamba habari za senema hazimo.

Huenda ukasema: Maalim, mambo ya upuuzi haya, yana madhara gani? Ngoja nikukumbushe kisa ambacho wengi wetu tumekisahau.

Mwaka 1976 Moustapha Akkad, mzaliwa wa Halab nchini Syria, alitoa picha iitwayo The Message, na kwa Kiarabu Ar-Risala. Ilianza kupigwa Morocco, ikazuiliwa huko, ikamaliziwa Libya. Aliipiga mara mbili kwa wakati mmoja, na wachezaji mbalimbali: katika ya Kiingereza aliyekuwa Sayyidna Hamza ni Anthony Quinn, na katika ya Kiarabu ni Abdullah Gheith. Mtume (s.a.w.) haonekani katika picha hiyo wala sauti yake haisikiki. Wanaozungumza naye huielekea kamera, na majibu yake hujulikana kwa maneno ya wengine. Mwanzoni mwake imeandikwa kwamba wanavyuoni wa Al-Azhar na baraza la Mashia wa Lebanon wameyathibitisha yaliyomo, ingawa kuhusu hiyo Al-Azhar yalizuka maneno mengi.

Picha haijatazamwa na watu, uvumi ukatangulia mbele. Ikasemwa kwamba Anthony Quinn, Mmarekani asiyekuwa Mwislamu, ndiye aliyecheza Mtume. Nani aliyeona? Hakuna. Nani aliyesema? Watu.

Tarehe 9 Machi 1977, mjini Washington, watu 12 wenye silaha waliojiita Wahanafi waliingia katika majumba matatu wakashika mateka zaidi ya watu 100. Tuwe waadilifu: kiongozi wao alikuwa na msiba wa kweli. Mwaka 1973 watu wa nyumba yake waliuawa, watoto wadogo wakiwamo, na kubwa alilolitaka ni wauaji waletwe mbele yake. Lakini katika masharti yake limo na hili, kwamba ile picha isimamishwe, kwa kuwa imemvunjia heshima Mtume. Na moja katika majumba matatu yale ni Kituo cha Kiislamu cha mji ule, chenye msikiti ndani yake! Waislamu wenzao wakafungiwa pamoja na wengine. Mwandishi mmoja wa redio, kijana, akapigwa risasi akafa. Maonyesho ya picha yakasimamishwa. Mabalozi wa Misri, Pakistan na Iran wakakaa na yule kiongozi wakamsemeza, na tarehe 11 mateka wakaachiliwa. Akkad alijitolea kuwaonyesha picha yake wale watu, na kuiharibu kama wangeiona imeitukana dini. Hapo ndipo alipojua kwamba wenye kumhukumu hawajaiona.

Na huyu Akkad alikufa Novemba 2005 kwa majeraha ya bomu la hotelini Amman, binti yake naye akafa katika mkasa huo huo, na waliolitega bomu walikuwa watu wanaodai kuupigania Uislamu. Hilo halikuwa kwa ajili ya picha, lakini mtu hawezi kulipita bila ya kusimama.

Mimi nimeitazama picha hiyo, mwanzo mpaka mwisho. Yapo nisiyoyapenda. Muziki wake ni mwingi, unavuma hata pale ambapo ukimya ungefaa zaidi, na baadhi ya mambo ya sira yamefupishwa mpaka mtoto asiyesoma hawezi kujua nani ni nani. Lakini pale Bilali anapopanda juu ya Al-Kaaba kuadhini nimewaona wazee wakijifuta macho kwa ncha ya kanzu. Hayo ni maoni yangu. Ukiyapinga, yapinge kwa kuwa nawe umeona, si kwa kuwa shemeji yako kakwambia.

Sasa turudi kwetu pwani, maana huenda ukadhani haya ni mambo ya Marekani.

Katika mtaa ninaosomesha pana kijana mpaka rangi wa mashua, ambaye jioni hushirikiana na wenzake kupiga michezo ya Kiswahili. Katika mchezo mmoja alipewa sehemu ya mlevi. Miaka michache nyuma alipeleka posa katika nyumba ya watu wenye kujiheshimu, na mimi nilikuwa miongoni mwa wazee tuliokwenda. Tulipokewa vizuri, tukaletewa halua na kahawa. Baada ya siku nne jawabu likaja kwa mdomo wa shangazi: nyumba yao haiozi mlevi.

Nikamwendea baba wa binti. Nikamwuliza, "Bwana wangu, nani amemwona kijana huyu amelewa?" Akatoa simu akanionyesha. Sekunde 20 hazikutimia: kijana anayumbayumba, chupa mkononi, anamtukana mwanamke. Nikamwambia, "Huu ni mchezo." Akanijibu, "Najua kuwa ni mchezo, Maalim. Lakini mtu hawezi kukiigiza vizuri hivi kitu asichokijua."

Nikamwuliza kama ameuona mchezo wenyewe. Hakuuona. Nani aliyemletea? Mkwe wake. Mkwe wake ameuona? Naye kaletewa. Tuliufuata mnyororo ule mpaka mtu wa tano, na hapana hata mmoja aliyeufikia mwisho, pale mlevi anaporudi nyumbani akakuta mkewe kaondoka na mtoto kazikwa na hali yeye hayupo. Mchezo mzima umetungwa kuwakanya walevi! Binti aliozwa pengine. Kijana yupo, anaswali safu ya pili, na mpaka leo watoto wakimpita njiani humwita kwa jina la yule mlevi.

Basi nawauliza wenye hoja ya yule baba: ikiwa uhodari wa kuigiza ni ushahidi, Abdullah Gheith aliyecheza Sayyidna Hamza tumwandike katika mashahidi wa Uhud? Na Muna Wassef, aliyecheza Hind katika picha ya Kiarabu, tumdai ini la Hamza? Mwigaji huazima vazi, na mchezo ukesha hulivua. Sisi ndio tunaomvalisha kwa nguvu mpaka kaburini. Adui katika mchezo aweza kuwa mtu mpole aliye na watoto sita na wake mmoja. Na steringi anayewaokoa mayatima katika picha aweza kuwa ni mtu usiyempenda hata kumkodishia chumba.

Wako wasemao: "Senema yote haramu, basi mwenye kuisema kwa ubaya hakudhulumu, hata akizidisha kidogo." Hawa ndio wanaonistaajabisha zaidi, kwa kuwa husema kwa jina la dini. Jambo kuwa haramu halikupi ruhusa ya kulizulia. Pombe ni haramu, na pamoja na hayo huwezi kusema fulani kanywa na hali hakunywa. Zinaa ni katika madhambi makubwa, na katika Suratun Nur mwenye kumsingizia mwanamke mtaharifu asilete mashahidi wanne ameandikiwa viboko 80. Angalia vizuri: ukubwa wa dhambi ndio uliozidisha ukali wa kutaka ushahidi! Na katika Suratul Maida tumeonywa kwamba chuki ya watu isitufanye tukaacha uadilifu. Ikiwa hata adui tumeamrishwa tumfanyie uadilifu, kijana wa mtaani anayepaka rangi mashua je?

Ama anayesema, "Mimi nakataa masahaba kuigizwa, sina haja ya kutazama," huyo ana hoja, wala simsuti. Hoja yake imesimama juu ya asili ya jambo, si juu ya yaliyomo ndani. Mwaka 2012, katika Ramadhani, ilionyeshwa tamthilia ya Kiarabu iitwayo Omar, iliyoongozwa na Hatem Ali, juu ya maisha ya Sayyidna Umar. Al-Azhar waliipinga kwa kuwa hawaruhusu masahaba wakubwa waigizwe. Upande wa pili walikuwapo wanavyuoni, Sheikh Yusuf al-Qaradawi akiwa mmoja wao, walioletewa maandishi yake wakayapitia kabla hayajapigwa picha. Hawa wamesoma wakakubali, na wale wamekataa kwa kanuni wanayoijua. Wote wanajua wanalolisema. Ubaya ni mtu wa tatu, ambaye hana kanuni wala hakusoma, lakini ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, na anaweza kukueleza mpaka rangi ya viatu katika picha asiyoiona.

Liko kundi jengine, nalo nitalisema bila ya kupaka mafuta. Ni wale walioona kweli, yote, pengine mara mbili, kisha husimulia machafu kwa kisingizio cha kuonya. Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin ametaja mahali ambapo kusema aibu kwaruhusiwa, na kuwatahadharisha watu ni mojawapo. Naam. Lakini tahadhari ni neno moja: "Ina uchi, usiwawekee watoto." Basi, imetosha. Nimemsikia mtu barazani akiilaani picha kwa nusu saa, akieleza kitanda kilivyokuwa, na taa, na nguo ilivyoanguka, mpaka vijana waliokaa pale wakawa wanaulizana pembeni inapatikana wapi. Mlaani huyo ameiuza picha kuliko mwenye duka. Na kila baada ya maneno matatu alikuwa akisema astaghfirullah.

Wanawake wasicheke, maana yao yapo. Siku hizi kuna tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, na maneno juu yake ni mengi kuliko vipindi vyenyewe. Sina ugomvi na mwenye kupenda hadithi. Bibi zetu walitusimulia hadithi za majini na wana wa wafalme, na hatukuharibika. Ugomvi wangu ni pale hadithi inapogeuzwa kipimo cha watu walio hai. "Mume wa fulani ni kama yule Bey, anamficha mke wa pili." Umeona wapi? Umeona katika picha! Tena mke wa watu hulala na shaka, akaanza kupekua mifuko ya kanzu, na chanzo chake ni mchezo uliotungwa Istanbul na mtu asiyejua kuwa Kisauni ipo duniani.

Na ninyi wazazi mnaojisifu kwamba "kwangu hakutazamwi kitu," hebu niambieni, wanenu wanapolala wanajifunika shuka mpaka kichwani kwa baridi gani? Joto hili la pwani! Nimesomesha watoto miaka mingi. Mtoto anayeogopa kutaja nyumbani kuwa ameona picha haachi kutazama, huacha kusema tu. Na akiacha kusema kwa babake, atasema kwa rafiki wa rika lake, na hukumu ya haki na batili ataipokea kwa mtoto mwenziwe wa miaka kumi na mitatu. Mimi chuoni kwangu huwaacha waseme. Mmoja aliniambia ameona picha ambayo mama anamuua mwanawe kwa bunduki, na mama ndiye mwema. Wenzake wakapiga kelele kuwa anasema uongo. Nikamwuliza: yule mwana alifanya nini kabla? Akafikiri, akasema, aliiba, akaua, akamteka binti wa watu siku ya harusi. Ilikuwa ni ile ile Mother India, imemfikia mjukuu. Tukakaa tukazungumza: mama ana haki ya kuua? Yuko wapi kadhi? Kwa nini kijiji kizima hakikusema neno juu ya mla riba aliyewanyang'anya mashamba mpaka kijana akawa jambazi? Saa nzima ilipita. Nawaambieni, somo lile la riba hawatalisahau, na mimi nilikuwa nimewasomesha riba mara mbili kabla yake, kitabuni, wakisinzia.

Laiti mtoto yule angesema "mama kaua mwanawe" kwa mtu asiyemwuliza zaidi, habari ingetoka chuoni mchana na kufika sokoni jioni kwamba Maalim anawaruhusu watoto kutazama picha zinazofundisha kuua wana. Na huenda ilitoka hivyo. Nimeshazoea.

Namalizia kwa kumjibu msomaji mmoja wa ukurasa huu. Ameniletea sauti iliyorekodiwa, ya dakika nne, ya mtu asiyejitaja jina wala mji, anayesema kwamba The Message inamwonyesha Mtume (s.a.w.) na kwamba aliyemcheza ni Anthony Quinn. Anataka niitangaze Ijumaa mimbarini ili watu waitoe majumbani. Sitaitangaza. Miaka imepita tangu mateka wale wa Washington, na maneno bado ni yale yale. Picha hiyo ni ya takriban saa tatu. Naaitazame yote, au amtafute mwenye sauti ile amwulize aliiona wapi, lini, na aliyemwona akicheza Mtume alivaa nguo gani. Kisha aje. Niko chuoni kila siku baada ya Alasiri, isipokuwa Ijumaa.